Shirleen, Ulikataa Kulala Kwenye Jeneza

Ni mwaka sasa, Shirleen, tangu tukuage kwenye televisheni ile ile tuliyozoea kukutazamia. Wewe ulikuwa California, sisi huku Toongabbie, ng'ambo ya bahari. Mama alikuwa ametoka tu kufanyiwa upasuaji wa nyonga, hangeweza kupanda ndege, nami kaka yako sikuweza kumwacha. Tulikaa kwenye kochi, chai ikapoa.

Hatukulia. Mwaka mzima imekuwa ni ganzi tu. Mimi ni nesi katika hospitali ya hapa Westmead, nimefunika nyuso nyingi za wafu, lakini wako sikuuona.

Ulienda Marekani kusomea uhasibu, ukaishia kuigiza. Ulianza na tangazo la dawa ya meno. Kisha ukawa polisi wa sentensi moja, halafu jirani anayesikia risasi. Mwishowe wakakupa yule wakili mwovu wa tamthilia ya mchana, ukadumu naye hadi mvi zikakutoka. Ulimwekea baba mkwe sumu, ukamnyang'anya dada yako mume. Wewe, uliyekuwa ukimkimbia mjusi. Mama Kinuthia wa kanisani alimuuliza Mama kwa nini hamkanyi binti yake. Mama akamwambia ile ni kazi kama kazi nyingine, na ile divai unayokunywa humo ni juisi ya zabibu.

Jumapili ulikuwa unatupigia simu ya video huku unamenya viazi. Mama alikusomea maneno ya mume wako wa kwenye tamthilia, ili ufanye mazoezi. Aliyasoma kama anatangaza habari za serikali. Ulicheka hadi kisu kikakuponyoka.

Halafu wakataka wakili afe. Ulitakiwa ulale ndani ya jeneza, mishumaa pembeni. Mama aliposikia alikataa katakata. "Mtoto wangu halali kwenye jeneza akiwa hai. Watafute mwingine."

Ukawaambia hivyo hivyo, na nusura wakufute kazi. Mwishowe wakakubali gari litumbukie mtoni, mwili usipatikane. Kumbe Mama alikuokoa. Watazamaji walilalamika, na kwa kuwa hakuna aliyeona maiti, ukarudi. Uliingia katikati ya harusi ya mume wako umevaa kofia kubwa. Mama alijisifu kwa marafiki zake wote, hadi wa kitongoji cha Doonside.

Ulipougua, wakamwandikia wakili safari ya Ulaya. Hakurudi, nawe hukupona.

Siku ya mazishi, tulipoona kwenye televisheni jeneza lako likiletwa mbele limefungwa, binti yangu Déborah aliuliza, "Why's it closed?" Baadaye mchungaji wako alitupigia simu, akasema wewe mwenyewe uliomba lifungwe, ili Mama asikuone humo ndani.

Ulitaka kumtii hadi mwisho, najua. Lakini Mama amekuwa akikungoja. Kila ikifika saa ya tamthilia anawasha televisheni, anakaa. Mlango ukifunguliwa pale kwenye tamthilia, anainua kichwa. Shuka za kitanda unacholalia ukija alikataa zibadilishwe. Mwezi uliopita nilipotaja kuandika tangazo hili la kumbukumbu, alisema tusubiri kwanza. Sikuwa na nguvu ya kumuuliza tunasubiri nini.

Jumanne alizima televisheni kabla kipindi hakijaisha, akaniita.

"Maxwell, lile tangazo liandike. Usiandike amelala. Usiandike ametutangulia. Andika amekufa."

Basi nimeandika. Umekufa, Shirleen. Nilipomsomea Mama sentensi hiyo, alilia kwa mara ya kwanza. Mke wangu Diane amebadilisha shuka. Mimi machozi bado.

Wanaokukumbuka ni mama yako Jerusha, wifi yako Diane, Déborah anayekuita Auntie, nami kaka yako Maxwell. Nyumba hii haitakusahau.