Mwezi wa Kuhesabiwa kwa Gati ya Naustvik

Jumapili, 4 Septemba

Kama kuna mtu mmoja anayekizuia kisiwa hiki kisielee kikaenda zake, ni mimi, Oddleiv. Wengine wanakaa juu yake tu. Shule nilikaa miaka saba, lakini kila aliyekuja hapa Ramnøya na ramani na kofia ngumu, wale wa daraja na wale wa handaki, alikunywa kahawa kwangu kwanza. Daraja halikujengwa. Handaki halikuchimbwa. Si kosa langu. Niliwaonyesha pa kuanzia.

Sasa wanaifuata gati yetu ya Naustvik. Barua ya mkoa imebandikwa kwenye kibanda cha abiria. Kuanzia kesho mpaka tarehe 30 watahesabu boti ya mjini inaitwa isimame Naustvik mara ngapi. Ikiitwa mara kumi na mbili, itaendelea kusimama. Ikipungua, kuanzia Januari inatupita. Kushuka hakuhesabiwi. Mtu abonyeze swichi, taa iwake juu ya nguzo, boti igeuke, mtu apande. Hiyo ni moja.

Kumi na mbili kwa mwezi mzima, asubuhi na jioni. Kazi ya mtoto.

Nimempigia Gunnvor, binti wa marehemu dada yangu Solbjørg. Ni muuguzi mjini, ng'ambo ya hori, mkono wa bahari ulio mbele yetu. Anataka kuhamia nyumba ya mama yake hapa, na mumewe na mapacha, lakini lazima boti imfikishe kazini. Akauliza kama gati iko salama. Nikamwambia nimezungumza na mkuu wa usafiri wa mkoa mwenyewe. Akasema vizuri, maana kuna nyumba mjini wameshikiwa, na mwenye nyumba anataka jibu tarehe mosi Oktoba. Ama hapa, ama kule. Nikasema mjibu hata leo.

(Mkuu nilimpata kwa simu. Alikuwa muziki, dakika arobaini. Lakini ni muziki wa ofisi yake.)

Jumanne, 6 Septemba

Siku mbili. Boti nne. Taa haikuwaka hata mara moja.

Nilikaa dirishani na darubini. Saa moja na dakika kumi asubuhi boti ikatokea rasini, ikapita katikati ya hori, ikaenda zake. Jioni vilevile. Na watu wa kwenda mjini walikuwapo! Torgunn alikwenda kwa daktari wa macho. Ana miaka sabini na minane. Alitembea mpaka Sundet, kilomita saba, kupitia bega la mlima, akapanda kivuko cha magari, kisha basi. Saa tatu na nusu njiani. Boti ingemfikisha kwa dakika ishirini na tano.

Nilimfuata kwake. Kwa nini, mama? Akasema boti kubwa namna ile, igeuke na kuzunguka kwa ajili ya bibi mmoja na miwani yake? Waliomo wana haraka zao. Nikamwambia ndiyo kazi ya boti. Akasema ndiyo, anajua, lakini hakutaka kusumbua.

Hakutaka kusumbua. Haya ndiyo maradhi ya upande huu wa kisiwa. Upande wa mashariki wana barabara, duka, shule, kivuko kila saa. Wamepataje? Wamesumbua.

Alhamisi, 8 Septemba

Niandike hili kabla halijanitoka, ingawa halitanitoka.

Leo asubuhi watu watatu waliteremka mpaka gatini. Torgunn, Arnkjell mwenye kondoo na mke wake Bjørghild. Watatu! Nikasema sasa. Nikajimiminia kahawa. Nikaweka jicho kwenye darubini. Wamesimama kibandani. Boti hiyo, imetokea rasini. Taa haiwaki. Wanaitazama boti. Boti inawapita. Torgunn akaipungia mkono.

Niliteremka mbio mpaka goti likalia. Nikauliza kumetokea nini. Arnkjell akasema alidhani Torgunn ataiwasha. Torgunn akasema yeye alifika wa mwisho, si adabu wa mwisho kuwasha. Bjørghild akasema kwake yeye haikuwa safari ya lazima, ni uzi tu anataka kununua, asingeweza kusimamisha boti kwa uzi, ila kama wengine wangewasha angepanda.

Nikasema nyinyi mko watatu, swichi ni moja, inabonyezwa na kidole.

Arnkjell akasema, "Usipandishe presha, Oddleiv. Tutatembea. Hali ya hewa nzuri."

Wakatembea. Kwa furaha.

Jumamosi, 10 Septemba

Nimeitisha mkutano kwangu. Nyumba tisa za Naustvik, zote zilileta mtu. Kahawa, mkate na jibini ya kahawia. Nilisema vizuri sana, hata Arnkjell aliacha kutafuna. Niliwakumbusha mwaka ule wa kimbunga, kivuko kilipokatika kamba na mimi nikakishika kwa mkono huu mmoja mpaka kulipokucha, na tangu siku ile mkono wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto. Bjørghild akasema mwaka jana ulikuwa wa kushoto. Nikamwambia imefika zamu ya kunywa kahawa, si ya kuongea.

Niliwaeleza habari za Gunnvor. Mapacha wale wawili wangekuwa watoto wa kwanza Naustvik kwa miaka kumi na minne. Wote wakakubali gati lazima ibaki. Wote. Mikono tisa juu.

Nikauliza, basi Jumatatu nani anapanda?

Mtu akasifu jibini.

Jumanne, 13 Septemba

Jana moja. Nilimsindikiza Torgunn mwenyewe, nikabonyeza mimi. Akapanda kichwa kimeinama kama mtu anayechelewa kanisani. Anasema aliwaomba radhi abiria wote, benchi kwa benchi.

Leo nikafikiri zaidi ya mkoa wote. Kama hesabu ni ya taa, kwa nini nihangaike na watu? Nikashuka peke yangu jioni, nikawasha. Boti ikageuka. Lazima niseme, inapendeza kuiona ikigeuka, povu jeupe, pua inakuja. Steinulf nahodha akafungua dirisha.

"Nani anapanda?"

Nikasema hakuna, ni hesabu tu, andika moja.

Kisha akasema anaandika wanaopanda, haandiki taa. Akauliza mbona mimi mwenyewe sipandi. Nikamwambia mimi ndiye msimamizi hapa, msimamizi haachi kituo.

"Ukiniita tena bure, msimamizi, nitakupigia honi mpaka kondoo wa Arnkjell wazae kabla ya wakati."

Abiria walicheka. Niliwaona. Nyuso zote dirishani, kama arobaini hivi, zinanitazama mimi. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya mabanda ya mashua.

Jumatatu, 19 Septemba

Nne. Zimebaki siku kumi za boti, Jumapili haiji.

Nimepata mbinu. Watu hawa hawawezi kujiwashia, lakini wakiwashiwa wanapanda, maana kukataa baada ya boti kugeuka ni usumbufu mkubwa zaidi. Kwa hiyo nakaa kibandani kila asubuhi na jioni. Akitokea mtu njiani, nabonyeza kabla hajafika. Hapo hana ujanja. Bjørghild amenunua uzi wake. Amenunua mwingi. Mume wake anasema ataniletea mimi bili ya soksi.

Gunnvor alipiga simu kuuliza tumefika ngapi. Nikasema tunakaribia.

Alhamisi, 22 Septemba

Mlima umeshuka! Jana mchana, mvua ya siku tatu, mawe yamefunga njia ya Sundet pale kwenye kona nyembamba. Jiwe moja ukubwa wa ghala. Hakuna aliyeumia. Mashine inatoka bara, wanasema Jumapili ndipo wataifungua.

Kwa hiyo hakuna kutembea. Wote botini! Leo asubuhi moja, jioni moja. Jumla sita. Nililiambia jiwe lile tangu nikiwa mdogo kwamba siku moja nitalihitaji.

Jumamosi, 24 Septemba

Kumi. Jana mbili, leo mbili. Watu walipanga mstari gatini kama mjini. Mimi nawasha, wao wanapanda, kila mtu anamwambia mwenzake kwamba asingependa kusumbua, ila njia imefungwa, ufanyeje.

Steinulf akasema toka dirishani, "Naustvik imekuwa bandari siku hizi." Niliinua kofia.

Jumapili, 25 Septemba

Njia imefunguliwa. Mapema, saa nne asubuhi. Hawa watu wa mashine wana haraka ya nini?

Gunnvor tena. Sauti yake imechoka, alitoka zamu. Akasema, Mjomba, nataka neno moja, si hadithi. Mama wa mapacha hawezi kutembea kilomita saba mlimani saa kumi na moja asubuhi mwezi wa Januari. Boti itasimama au haitasimama?

Nikasema zimebaki mbili, tuna siku tano. Akasema ameisikia sauti yangu ikisema mambo mengi tangu akiwa mdogo. Akauliza kama hizo mbili zipo kweli, au ni kama ule mkono mrefu.

Nikasema zipo.

Kisha akasema mapacha wamechagua chumba cha juu, chenye dirisha la upande wa hori.

Jumanne, 27 Septemba

Kumi na moja. Mchungaji wa kanisa alikuja kumwona mgonjwa, wakati wa kurudi nikamwashia akiwa bado anafunga viatu.

Moja tu.

Jumatano, 28 Septemba

Upepo wa kusini-magharibi. Boti zote mbili zimefutwa.

Alhamisi, 29 Septemba

Zimefutwa.

Nimepiga simu mkoani kuuliza kama siku za upepo zitafidiwa. Safari hii alikuwa mtu, mwanamke mpole. Akasema mwisho ni kesho, na kwamba anaelewa. Kila anayesema anaelewa hana la kukupa.

Jioni upepo umepungua. Arnkjell amepita kusema kesho kutwa theluji inatabiriwa juu, kwa hiyo kondoo wanashushwa kesho, Naustvik nzima inapanda mlimani saa kumi alfajiri. Nikamwambia kesho ndiyo siku ya mwisho ya gati. Akasema anajua, lakini kondoo hawasomi barua za mkoa. Nikasema nipe mtu mmoja tu. Akasema, kwa upole kabisa, "Si wewe upo?"

Nikamwambia nina mipango.

Nimekwenda kwa Torgunn. Yeye hapandi mlimani. Amekubali boti ya jioni, saa kumi na moja na dakika arobaini. Atalala kwa binti yake mjini. Basi imekwisha.

Ijumaa, 30 Septemba

Naandika nikiwa kibandani. Daftari juu ya goti.

Asubuhi boti ilipita, sikuwa na wasiwasi, ya jioni ilikuwa na mtu. Nyumba zote tupu. Huko juu nasikia kengele za kondoo na Arnkjell anavyomfokea mbwa.

Saa kumi na moja na robo Torgunn akapiga simu. Kondoo wameteremka mapema kuliko walivyodhani, kundi zima limefika uani kwa Arnkjell na hakuna mtu wa kushika lango, wote bado wako nyuma mlimani. Amesimama langoni na fimbo. Nasikia kondoo ndani ya simu. Akasema hawezi kuacha, mia na sitini watarudi mlimani usiku na theluji inakuja. Akasema nije mimi nishike lango, yeye ateremke. Ni dakika ishirini kupanda kwa goti langu, na ishirini kwake kushuka. Tulihesabu wote wawili kwenye simu. Haitoshi.

Akasema, "Lakini Oddleiv, wewe uko hapo hapo gatini."

Nikasema ndiyo.

"Basi panda wewe, mwanangu. Gunnvor atakupa kitanda. Nitakulishia paka."

Nikasema ndiyo, ndiyo, usijali, hilo nimeshalipanga.

Imebaki dakika sita. Hakuna mtu njiani. Nimetazama juu, nimetazama chini, nimetazama mpaka nyuma ya banda la mashua, labda mtu amejificha kwa kutotaka kusumbua. Hakuna.

Koti ninalo. Mswaki watauza mjini. Goti halina shida, si mbali, hatua nne. Nimewawashia watu taa hii mara kumi na moja mwezi huu, kidole kinaijua njia.

Ijumaa jioni. Boti itakuwa imejaa, watu wanatoka kazini visiwa vya nje, wana njaa, wanataka kufika kwao wakale nyama ya kondoo na kabichi. Itapunguza mwendo. Vikombe vitateleza mezani. Watauliza kuna nini. Watatazama dirishani, wote, na hakuna mgonjwa, hakuna bibi, hakuna mchungaji. Mwanamume mmoja mzima, hana hata mzigo.

Nimejaribu kuandika sababu nyingine hapa. Nimeandika mbili, nimezifuta. Gunnvor yuko zamu mpaka saa nne usiku, hatapiga. Kesho atapiga.

Boti imetokea rasini. Naona taa zake.

Hakuna anayesoma daftari hili. Swichi hii iliwekwa miaka kumi na tisa iliyopita. Siku tuliyomzika Solbjørg mjini nilikuwa nimesimama hapa hapa na suti nyeusi, boti ikapita, nikatembea mpaka Sundet, nikafika wameshaimba. Nimewaambia watu kivuko kiliharibika. Hakikuharibika. Nimewawashia wengine, lakini kwa ajili yangu peke yangu sijawahi kuibonyeza hata mara moja. Naona haya.