Mbolea za Bangi ya Mama, na Karatasi Niliyosaini

Jumamosi, mwisho wa mwezi wa tisa. Joto kali. Mvua haijafika, na vumbi la malori limefunika hata majani ya mipapai. Nimekaa jikoni, ni saa nane mchana, Mama amesinzia chumbani kwake baada ya kunywa kikombe chake. Kucha zangu bado zina samadi.

Wiki hii nimefanya jambo la aibu. Nitaliandika lote hapa, maana ukurasa huu hauna jina langu na pengine hakuna anayeusoma.

Nianze na mimea, kwa sababu huko ndiko lilikoanzia.

Mama ana kansa. Ilianza kwenye titi, sasa imeingia mifupa ya mgongo na nyonga. Hospitalini walimpa vidonge vya maumivu mpaka vikaisha, wakatuambia turudi wiki ijayo, kisha wiki nyingine, kisha nyingine tena. Mama si mtu wa kulia. Alikuwa anauma shuka. Siku moja nilikuta pindo la shuka lina matundu ya meno, nikalikunja na kulificha chini ya nguo chafu ili asijue kwamba nimeona.

Mama Odile, nesi mstaafu wa avenyu ya pili, ndiye aliyeniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna wagonjwa wanaotengenezewa bangi. Haiponyi, alisema, ila inamrudishia mtu usingizi na hamu ya chakula. Nilinunua kidogo sokoni. Ile ya sokoni inaanikwa kando ya barabara ya Fungurume, malori ya madini yakipita saa zote, na Mama alikohoa siku mbili mfululizo.

Ndipo nikaamua kupanda mwenyewe, ndani ya nyumba.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Kwa miaka kumi na mitano nimewafundisha watoto wa Kolwezi jinsi mmea unavyokula mwanga. Sasa nalima bangi katika chumba alichokuwa analala kaka yangu kabla hajavuka kwenda Zambia.

Nje isingewezekana. Kuna macho ya watu, kuna polisi, na kuna udongo wenyewe. Tangu mgodi ulipopanuka hadi mwisho wa avenyu yetu, lengalenga, mchicha wetu wa uani, tunaiosha mara tatu na bado inasaga mchanga kwenye meno. Kwa hiyo nilipaka kuta za chumba chokaa ili mwanga usipotee, nikafunga taa mbili, nikaleta udongo wa kichuguu katika ndoo tatu za rangi. Umeme wa bwawa la Nzilo ukikatika, nasogeza ndoo dirishani nyuma ya pazia.

Tatizo lilikuwa mbolea. Kila mtu ana maneno yake kuhusu mbolea, na mimi sikuweza kumuuliza mtu. Nikafanya kama ninavyowaelekeza wanafunzi: badilisha kitu kimoja, vingine vyote viache sawa. Ndoo ya kwanza niliipa urea, ile wanayowapimia wakulima wa mahindi kwa kijiko. Ya pili, kinyesi cha kuku kutoka kwa Tata Kalenga, jirani yetu. Nilimwambia ni kwa nyanya. Ya tatu, samadi ya mbuzi kutoka Mutshatsha, ambayo mama mmoja anayeuza makala, yaani mkaa, aliniletea chini ya gunia lake.

Urea ilinidanganya vizuri. Ndani ya wiki mbili majani yalikuwa ya kijani kizito, mmea umepita mingine yote, nami nikawa nasimama mlangoni kuutazama kama mtu anayetazama mtoto aliyefaulu. Kisha ncha zikaanza kuungua. Majani yakajikunja chini mithili ya kucha za ndege. Nilikuwa nimezidisha. Nikamwaga maji mengi kuusafisha udongo, mmea ukapona nusu, na ukabaki nusu hivyo hivyo hadi mwisho.

Kuku ni kosa langu mimi, wala si la kuku. Kinyesi kile hutakiwa kukaa kwanza, kipoe, kioze. Nafundisha hivyo kila mwaka. Lakini Mama alikuwa anauma shuka, na mimi nikakitia kibichi. Mizizi iliungua, nzi wakajaa chumbani, siku ya tisa nikaung'oa mmea umelala.

Samadi ya mbuzi ilinichosha kwa uvivu wake. Mwezi wa kwanza nilitaka kuitupa. Mmea ulikuwa mfupi, hauna haraka, umetulia tu. Lakini shina likanenepa, majani yakashika rangi ya mapera mabichi, na hakuna hata ncha moja iliyoungua. Ulipokomaa nilimtengenezea kikombe cha kunywa, na Mama akapata mchana wake wa kwanza bila kuuma kitu. Akaomba bukari, ugali wetu, na samaki wadogo wakavu. Akala matonge matano. Nilienda uani kulia, nikarudi nikamwongezea mchuzi.

Nilimwambia ni dawa ya majani kutoka Mutshatsha. Mama ni mtu wa parokia, wa chama cha akina mama, wa rozari. Sikuthubutu kutaja jina la dawa hiyo.

Nikapanda upya ndoo nne, zote kwa samadi ya mbuzi.

Kisha wakaja kupaka misalaba.

Mgodi unataka mtaa wetu. Kila nyumba ilichorwa msalaba mwekundu na namba, pamoja na yetu, ambayo Tata, yaani marehemu baba yangu, aliachiwa na kampuni ya zamani ya madini ilipoanguka. Tukaunda kamati. Tata Kalenga, aliyekuwa dereva wa treni, ni mwenyekiti; mimi ni katibu kwa sababu naandika Kifaransa kizuri. Barua kwa mgodi niliiandika mimi. Ilisema hatuhami kabla ya kuonyeshwa nyumba zilizokwisha kujengwa, mahali penye maji. Na wote tulikubaliana kwamba hakuna atakayesaini karatasi ya mgodi peke yake.

Mama aliposikia habari ya misalaba alijifunika kitenge hadi kichwani. Yeye alizaliwa Kasai. Miaka ile ya kufukuzana, wenyeji wa huku wakiwafukuza Wakasai warudi kwao, nilikuwa na miaka kumi. Watu wa kwao walitolewa majumbani, wakalala steshenini wiki nyingi wakingoja treni, na wengi walifia pale pale kwenye mizigo yao. Tata, ambaye alikuwa mtu wa hapa, alimpelekea Mama chakula huko kila siku, hadi siku moja akamrudisha nyumbani akiwa amejifunika kitenge cha shangazi yangu. Mama alikaa ndani ya nyumba hii miezi mingi bila kutoka hata uani. Sasa nyumba yenyewe ina msalaba.

Tuliambiwa wapimaji wa mgodi watapita kupima nyumba Alhamisi. Nilipanga Jumatano mchana nikate mimea yote, nikaushe kidogo, kinachobaki nichome.

Walikuja Jumatano asubuhi.

Nilikuwa nyumbani kwa sababu Mama alikuwa ameamka vibaya. Walikuwa wawili, mmoja na daftari, mwingine, mkubwa wao, na kile kifaa cha taa nyekundu cha kupimia kuta. Shati lake lilikuwa jeupe mno kwa avenyu yetu. Walipima sebule, wakapima jiko. Nilisema chumba cha nyuma ni stoo, kimefungwa, ufunguo umepotea. Yule mkubwa aliusukuma mlango kwa vidole viwili tu. Sikuwa nimeufunga.

Taa zote mbili zilikuwa zinawaka.

Kisha, na hili ndilo linaloniogopesha bado, akapima chumba kama vyumba vingine, ukuta kwa ukuta. Akapiga picha moja kwa simu. Akamtuma mwenzake nje akahesabu mipapai, na mlango wa mbele ulipofungwa akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Madame, mi sikuona kitu. Weye na weye utanisaidia. Benzako banangojaka weye usinye. Sinya leo."

Akaweka mezani karatasi ya kukubali kuhama, nisaini mimi wa kwanza. Nikamwambia sisi ni kamati, siwezi peke yangu. Akatazama upande wa chumba cha Mama, ambako kikohozi kilikuwa kinasikika.

"Ukienda polisi, mama atabakia na nani?"

Nilisaini. Nilitumia kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia, maana ndiyo iliyokuwa mezani. Akanishukuru, akatoka, nikamsikia akimwambia mwenzake kwamba mipapai ni mitatu, si minne.

Mama aliniita. Kuta za nyumba hizi ni nyembamba, alikuwa amesikia kila kitu. Nilikaa pembeni ya kitanda, nikaanza kueleza habari ya dawa, nikajikwaa kwenye maneno. Akanikatiza. Alisema harufu ya bangi aliijua tangu wiki ya kwanza. Kwao Kasai babu yake aliipanda nyuma ya jiko. Alinyamaza kwa sababu aliona ninavyohangaika kuficha, akanionea huruma. Kisha akataka kujua kama ni kwa ajili yake.

"Umesinya juu ya mi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mi uliniuliza?"

Aligeukia ukutani. Siku ile alikataa kikombe, akauma shuka hadi alasiri, mimi nimekaa kando yake.

Alhamisi yule mpimaji alipita nyumba kwa nyumba na karatasi yangu ikiwa juu ya nyingine zote. Hakuhitaji kutisha mtu. Aliwaonyesha tu: Madame mwenyewe ameshasaini, yule aliyeandika barua. Kufikia jana, nyumba tisa zilikuwa zimesaini. Mama Feza, mjane anayeuza mikate kwenye kona, alinisimamisha nikitoka shuleni. Alikuwa na furaha. Aliniambia yeye hajui kusoma, lakini alipoona jina langu moyo wake ulitulia. Akanipa mkate. Akanishukuru.

Niliubeba mkate ule hadi nyumbani. Nimeshindwa kuula, na kuutupa pia nimeshindwa.

Leo asubuhi nilienda kwa Tata Kalenga. Alikuwa uani anawamwagia kuku pumba. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: ugonjwa ulivyofika kwenye mifupa, ndoo, taa, picha, kalamu nyekundu. Nikamwambia hata uongo wa nyanya. Alimaliza pumba zake kwanza. Akainamisha beseni, akalipigapiga hadi likawa tupu. Nilikuwa najiandaa kutukanwa. Ningependa kutukanwa.

"Juu ya nini haukuniambia?" akasema. "Ningebiweka kwangu hapa, nyuma ya bakuku. Nani angejua?"

Basi.

Nimelirudia neno hilo tangu asubuhi. Miezi yote ile nilikuwa na jirani hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu. Nililima gizani kwa kuwaogopa watu ambao nilikuwa ninawaandikia barua ya kusema tunasimama pamoja. Niliandika neno hilo, *ensemble*, mara nne katika ukurasa mmoja. Nilikuwa silijui.

Alikuja na toroli. Tulizipakia ndoo nne, akazifunika kwa mafungu ya sombe, majani ya muhogo, akavuka nazo avenyu mchana mweupe akisalimia watu. Mimi nilitembea nyuma yake. Hakunitazama. Na aliponiaga hakuniita Madame kama kawaida yake; hakuniita jina lolote. Alisema tu kwamba jambo la karatasi hawezi kulifuta yeye. Aliyesaini ndiye atakayeongea, kesho kanisani mbele ya wote, na aseme kwa nini.

Kwa nini. Yaani na bangi pia.

Nimeandika barua mpya sasa hivi. Ni fupi kuliko ile ya kwanza. Inasema sahihi yangu ilitolewa kwa vitisho na naifuta. Inasema mpimaji alinikuta na nini ndani ya nyumba, na ilikuwa ya nani, na kwa maumivu gani. Mkuu wa shule ataisikia, ni mtu wa parokia yetu. Polisi wataisikia. Yule bwana wa shati jeupe bado ana picha yake. Sijui kama waliosaini wataweza kufuta na wao, au kama mgodi utasema karatasi ni karatasi. Mama Feza atasikia akiwa amekaa benchi la mbele, kama kila Jumapili.

Kabla ya kuandika nilimwuliza Mama. Safari hii nilimwuliza. Nilimwambia naweza kufungwa, na kwamba nikifungwa Mama Odile amekubali kuja kukaa naye, ila hawezi kumwinua peke yake. Alifikiri huku amefumba macho. Akaniambia niandike jina lake pia, na niliandike kamili, jina la Kasai, lile ambalo Tata alimkataza kulitamka miaka ile.

Nimeliandika. Liko chini ya langu.

Sasa ameamka, namsikia anavuta pumzi kwa meno. Kikombe cha pili ni saa kumi, bado saa nzima na zaidi. Misa kesho ni saa moja asubuhi. Nikisimama pale mbele na karatasi hii, nitaanza na neno gani?