Ombi la Ng'ombe wa Mama

Jumatatu, 3 Machi 2025
Wiki ya pili ya mfumo wangu. Mfugaji akiona ng'ombe wake ana joto la kutaka kupandwa, anatuma ombi kwa simu, na Kithinji, daktari wetu wa mifugo, anafika na mbegu za dume kabla ya jioni. Leo asubuhi Mama ametuma, akajibiwa: "Umetuma maombi mengi mno." Mengi yapi? Ni la kwanza! Ameniambia usiku; nimejaribu mwenyewe saa tano, likaingia bila shida. Lakini siku imeshapita. Mama ana ng'ombe mmoja tu, na joto halirudi mpaka siku ishirini na moja ziishe. Ameniambia, "Ni sawa tu, Kiende." Hiyo "sawa" yake naijua. Imeniuma.

Jumatano, 5 Machi
Alfajiri, foleni ya kupeleka maziwa kituoni Githongo. Baridi! Wote hutuma hapa, wakitoka kukamua. Watano wa kwanza wamepita. Wa sita, Mzee Kailemia, amekataliwa — akaniuliza kama kompyuta yangu haipendi sura yake. Nimecheka, kisha nikashtuka. Tano! Kikomo nilikiweka mimi mwenyewe: mtu mmoja, maombi matano kwa saa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeipata! Mbele ya programu kuna seva nyingine, proksi, inayopokea watu mlangoni na kuwapitisha ndani. Programu ilikuwa inaona anwani ya mtandao ya proksi peke yake. Wafugaji mia mbili, kwake ni mtu mmoja. Nimeiambia proksi ipitishe anwani ya kila mtu. Mistari miwili tu.

Ijumaa, 7 Machi
Wa sita amekataliwa tena. Jamani! Kajuju, karani wa mizani, ameniuliza kwa upole: kwani sijui wote wako kwa Wi-Fi yake ya kituoni? Nani atamaliza bando lake na ya bure ipo? Kweli, anwani ni moja. Kikomo sasa kinahesabu kwa namba ya simu ya mfugaji. Nimejiona mjinga kidogo, lakini nimelala vizuri mchana.

Jumatatu, 10 Machi
Maombi tisa, hakuna aliyekataliwa. Kithinji anafuata orodha sasa: aliyetuma mapema anatangulia. Watu wamefurahi, mambo ya kujuana yamekwisha. Nimejisikia mkubwa.

Jumatatu, 24 Machi
Saa mbili na nusu asubuhi. Mama amepiga: joto limerudi, ng'ombe analia tangu alfajiri. Nikauliza kama ametuma ombi. Hajatuma — hataki tena kitu kilichomfukuza. Amempigia Kithinji moja kwa moja. Na Kithinji amemjibu: "Mama Kiende, siku hizi tunaenda na list ya msichana wako."
Nimemwingiza kwenye orodha sasa hivi. Kithinji humaliza kumi kwa siku, tena akijitahidi. Nywila ninayo, kumsogeza juu ni kubonyeza mara moja. Mama bado yuko kwenye simu, na ng'ombe namsikia nyuma yake. Hajaomba nimsogeze. Anauliza tu yeye ni wa ngapi.
Wa kumi na mbili. Bado sijamjibu —