Mwenge Uliotokana na Kreyo za Watoto

Mpendwa Mama Mshauri, naomba msaada, ijapokuwa kwa kawaida watu njo wanakuja kuniomba msaada mimi, sababu hapa Kasuku, ndani ya muji wa Kindu, hakuna jambo linapita bila mimi, hata gari la moshi likichelewa hawamuulizi mkuu wa stesheni, wananiuliza mimi, na mwaka mmoja meli ilikwama kwenye mchanga wa mto Lualaba, nikasimama tu ng'ambo na suti yangu ya abakosi, nikaiambia "Toka!", ikatoka, walioona wako wengi, ila wawili wamekufa na wa tatu amehamia Kailo.

Sasa sikiliza. Kamati ya chama ya mtaa wetu ilitangaza kila sitwayen, kila mwananchi, alete pambo la sikukuu ya tarehe makumi mbili ya mwezi wa tano, wengine wakasema wataleta makuti ya ngazi za mawese, wengine vitambaa, nami nikasimama mbele ya watu wote, mbele ya sitwayen Onema, prezida wa kamati mwenyewe, nikasema nitaleta mwenge wa chama muzima, na mkono wake na moto wake, wa nta ya rangi, ufundi niliofundishwa na Mzungu mmoja aliyelia siku tulipoachana. Watu wakapiga makofi. Makofi njo yaliniharibu, Mama, sababu nta sikuwa nayo.

Zawadi njo alikuwa nayo. Zawadi ni mutoto wa dada yangu, anakaa kwangu, anafundisha mwaka wa kwanza, na chini ya kitanda chake kulikuwa karton ya kreyo za nta, zile za kuchorea watoto, zimetumwa kwa darasa lake, mupya kabisa, zinangoja siku ensipekteri atakuja kukagua shule. Nikasema nitakopa nyekundu chache za moto tu. Lakini moto ukataka mkono, mkono ukataka nyeusi, duara ya manjano ya bendera haiwezi kukaa bila kijani pembeni, na ukisha kuanza kazi ya chama huwezi kuiacha nusu, watu watakufikiria vibaya. Nikamenya kreyo moja-moja kama ndizi, nikazivunja, nikaziweka ndani ya makopo ya sardini, makopo ndani ya maji ya moto, maji ndani ya sufuria ya bibi yangu Mwanvua, mama yake Hamadi, sufuria juu ya jiko la mbabula. Nikachimba sura ya mwenge ndani ya mchanga mubichi, nikamwaga rangi moja, nikangoja igande, nikamwaga nyingine. Nyeusi ilipokwisha nikachanganya zambarau na kahawia, mkono ukatoka rangi ya matope, nikasema vizuri, huo njo mkono wa mulimaji.

Mwanvua akaniita: "Baba Hamadi, sufuria yangu iko na nini?"

"Kutu."

"Kutu ya rangi tatu?"

"Kutu za siku hizi njo hivyo."

Siku ya sikukuu sitwayen Onema akauzunguka mwenge mara mbili. "Sitwayen, hii umeitoa wapi?" Nikamujibu: "Kichwani." Akasema: "Basi hicho kichwa kikae mstari wa mbele." Nikakaa mstari wa mbele, Mama, pamoja na watu wa viti vyenye migongo.

Saa sita jua likasimama juu yetu, na moto wa mwenge ukaanza kuinama, pole-pole, kama muntu anayesinzia kanisani. Hakuna aliyesema unayeyuka, sababu nani atafungua kinywa aseme mwenge wa chama unayeyuka? Mmoja akasema unasalimia wananchi. Mwingine akasema ni upepo, na upepo haukuwepo. Tone jekundu likaangukia bega la karani mmoja, akakaa nalo mpaka jioni, aliogopa kulipangusa. Sitwayen Onema akaamuru mwenge ubaki juu ya mlango wa ofisi ya kamati, na atakayeugusa atajieleza.

Kisha Zawadi akavuta karton, ikaja nyepesi. "Mujomba, hukuona kreyo za darasa?" Nikamwambia, "Mimi na kreyo, wapi na wapi?" Sasa direkta wa masomo anasema Zawadi ameziuza sokoni, na Jumatatu ensipekteri akikuta watoto mikono mitupu, Zawadi hana kazi tena. Direkta akamuuliza nani mwingine anaingia chumbani kwake. Zawadi akajibu: "Mujomba wangu tu, na yeye hawezi." Nilisikia na masikio yangu, nilikuwa nimemusindikiza, nimesimama dirishani pa ofisi yake.

Nikisema, jina langu limekwisha. Nikiuvunja mwenge nirudishe nta, nimevunja mwenge wa chama. Nikinyamaza, mutoto wa dada yangu njo mwizi. Nifanye nini? Usitaje jina langu, andika tu muntu mukubwa wa Kasuku, mwenye nyumba ya mlango wa bati nyuma ya soko, baba yake Hamadi.

Na uvumilie mwandiko, Mama. Barua hii naiandika na kreyo. Ile ya buluu ilibaki, sababu buluu haina kazi ndani ya mwenge.

Mama Mshauri anajibu:

Baba wa mlango wa bati, jina lako sitalitaja. Umeniachia nini cha kutaja?

Sitakuficha, kwenye sufuria nilicheka. Kwa Zawadi sikucheka. Huku kwetu mtoto akikosewa na watu wote anakimbilia kwa ndugu ya mama yake, na wako alikuwa analala juu ya karton huku ndugu ya mama yake anaitoa chini. Hata hivyo kreyo ulizichukua ukiwa umelewa makofi, na ulevi huo naujua, unawapata watu wengi wenye viti vya migongo. Lakini pale dirishani ulikuwa mzima. Ulisikia unatetewa, ukanyamaza. Hilo ndilo lililonifanya niiweke barua yako mbele ya zote za wiki hii.

Habari ya mwenge. Mimi pia nina kazi ya kulinda na watoto wa kulisha, kwa hiyo sisemi kwamba unayeyuka. Nasema jua la Kindu halina adabu. Nenda leo hii kwa sitwayen Onema, umwambie haifai mwenge wa chama uunguzwe nje kama nguo zilizofuliwa, ukae darasani kwa Zawadi mbele ya vijana. Atakubali upesi. Unafikiri yeye haoni kila saa sita? Anaona, ila hana wa kumwambia. Ukifika darasani uegemeze ukutani. Mbele ni mwenge, na watu watauheshimu. Nyuma hakuna anayeangalia, na nta ya nyuma ikikwanguliwa na kisu inachora sawasawa na ya mbele. Umenielewa, sirudii.

Hiyo buluu uiongeze. Watoto watataka kuchora mto.

Lakini kreyo zikirudi, bado Zawadi hajasafishwa, direkta atasema amezificha na sasa amezitoa. Kwa hiyo Jumatatu, kabla ya kengele, uwe mbele ya direkta, Zawadi akiwepo na walimu wenzake wakiwepo. Usimtume Mwanvua, ana sufuria ya kusugua. Usimtume Hamadi. Na meli uiache mtoni, Mzungu wako umwache alikolia, sitaki kusikia umewaleta ndani ya ofisi ile. Sema: "Ni mimi nilichukua, Zawadi hakujua." Kisha ufunge kinywa, usikie atakachosema Zawadi. Akikutukana, pokea. Akilia, usimwambie anyamaze. Na kama hatasema neno lolote, tangulia nyumbani, uwashe mbabula, umpikie chakula wewe mwenyewe.