Kicheko cha Kalume

Minto, Sydney, 14 Julai

Yaya Chibalonza,

Dada yangu, nakusalimu wewe na mama. Mwanetu Bénie anakua, ila nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Nakuandikia nikiwa nimesimama, maana wiki hii kuketi kumenishinda kwa mawazo.

Jumamosi kanisa lilitupeleka milimani kucheza kwenye theluji. Shemeji yako Kalume yuko huko tangu Juni, anasimamia viti vinavyoning'inia kwenye waya na kupandisha watu mlimani. Nilimkuta ana ski miguuni, zile mbao za kutelezea, anateleza, anaanguka, anacheka. Yaya, tangu tutoke kambi ya wakimbizi sijamsikia akicheka hivyo.

Nikamuuliza, "Baridi ikiisha, unarudi nyumbani?"

Akapangusa theluji usoni. "Sirudi Sydney, Aksanti. Njooni nyinyi huku."

Huko hatuna kanisa, wala Mkongo mwenzetu hata mmoja. Nilikasirika, nikapanda basi bila kumuaga.

Lakini kicheko chake hakinitoki masikioni, na leo asubuhi nimepigia simu shule ya huko kuuliza nafasi ya Bénie. Wamesema ipo. Kalume bado sijamwambia. Mama naye usimwambie kwanza.

Mdogo wako,
Aksanti