Nusu Dakika Marungu

Jumanne, Voi. Joto limekaba tangu asubuhi na upepo unaingiza vumbi hadi kwenye chai. Sijala kitu cha maana.

Wengi mnaijua kazi yangu. Nafundisha sanaa, napiga video, narekodi sauti za porini na kuzipeleka kwa watu ili wasimwone mnyama kuwa adui. Miaka yote nimeyasema hayo bila kusitasita.

Jana alasiri nilikuwa shule moja ya msingi huko Marungu, tukiandaa maonyesho ya wanafunzi wangu. Ukuta walikuwa wameshauchora, mzuri ajabu. Kilichobaki ni kujaribu spika. Nikaweka sauti ya kundi la ndovu niliyoirekodi bwawani, nikafungulia hadi mwisho.

Mashamba yanapakana na shule. Pojo zimekomaa, wiki hii wanavuna.

Mara nikasikia sufuria zikigongwa, kisha mayowe. Akina mama wakatoka mashambani mbio, kila mmoja akiita watoto wake kwa majina. Wanafunzi waliokuwa uani waliingia darasani wakafunga mlango bila kuambiwa. Wamezoea.

Mimi ni mtu wa Chawia. Kwetu mlimani ndovu tunamjua kwa picha. Haikunijia kabisa kwamba mtu wa Marungu akisikia sauti ile hasimami kuisikiliza.

Mama Mghoi, ambaye mumewe aliuawa na ndovu, alianguka mtaroni akavunjika mkono.

Hayo kila mtu anayajua. Kesho saa nne wazazi wanakutana kuamua kama niendelee kuwafundisha watoto wao. Maneno nimeshayapanga: nilikosea, sikufikiria, mniwie radhi.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu.

Walipoanza kukimbia, sikuzima spika. Niliinua kamera.

Nusu dakika hivi. Ni video bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na nilijua hivyo nikiwa bado naipiga. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi, na Mama Mghoi alikuwa hajaanguka bado.

Leo nimemtembelea wodini, hapa Voi. Plasta imefika kwenye kiwiko. Akanipa mkono ule mzima, akasema, "Mwalimu, usijilaumu hivyo. Hukujua."

"Asante, mama," nikasema, nikaondoka upesi.

Najijua. Kesho nikisimama mbele ya wazazi wale, wananitazama, nitaeleza habari za spika kwa unyenyekevu mkubwa na watanihurumia. Ya kamera nitayameza. Nikishayameza kesho, sitayatoa tena, na nitaendelea kufundisha watoto wao kana kwamba hakuna kitu.

Kwa hivyo nayaandika hapa, na nimemtumia mwalimu mkuu linki awasomee wazazi. Mama Mghoi nitamwambia mwenyewe asubuhi, kabla ya mkutano. Asiyasikie kwa watu.

Naongeza mstari huu baada ya kuchapisha: mwalimu mkuu amesoma.