Bosi Kalikataa Neno Mafuriko

Shoga, nakuandikia nikiwa juu ya meza. Juu ya meza!

Mvua imeingia ofisini, maji yamefika magotini. Nikaandika ripoti: "Tumepata mafuriko." Bosi kashika kalamu, kalikata neno. Kalikata!

Mwezi uliopita si aliwaandikia makao makuu kwamba mitaro yote imezibuliwa? Haujaguswa hata mmoja! Sasa ananiambia, "Mafuriko ni ya mito, mama. Hapa andika unyevu."

Unyevu, shoga! Na kiatu chake cha kushoto kinaelea kuelekea mlangoni.

Nikamwambia, "Bosi, mafaili yanaogelea." Akanijibu bila haya, "Andika yamelowa kidogo."

Maji yalipokaribia soketi, ndipo akawapigia zimamoto. Nikasikia wakimuuliza, "Ni mafuriko, mzee?" Nikamkodolea macho. Akakohoa, akasema, "Hapana. Ni unyevu tu."

Wakamwambia afungue madirisha. Wakakata simu.

Sasa tuko wawili juu ya meza, tumebanana, na madirisha yako wazi. Mimi siwezi kupiga, atanisikia.

Wapigie wewe, shoga, uwaambie ni mafuriko. Wewe huna bosi.